Kahawa ya Chini

Mwadui, Jumamosi, Oktoba 1976. Joto. Mawingu yametutishia tangu asubuhi na hayakutoa hata tone.

Kama kuna kitu ninachokidharau humu ndani, ni ile mashine ya kahawa.

Mama alipewa na mama mmoja wa kizungu aliyekuwa anahama. Akaileta kichwani mchana kweupe, akapita njia ndefu ili aonekane. Ni birika lenye waya, basi. Linachemsha maji, linakoroma kama mzee mwenye pumu, kisha linatonesha ndani ya chupa ya chai iliyowekwa chini yake. Chupa zilikuja mbili, nyekundu, za maua. Mama kazifumia vitambaa. Zinavaa vizuri kuliko mimi.

Wiki tatu limekaa kabatini tukikatazwa kuligusa. Sisi ni watu wa uji na chai, lakini kwa Mama, mgeni wa maana hupewa kahawa.

Leo wageni wa maana wamefika. Wametoka Ushirombo kumwangalia Dada Kabula, anayechumbiwa na kijana wao. Wazee wawili na shangazi wa kijana, na huyo shangazi ndiye mwenye neno la mwisho. Kabula anampenda yule kijana mpaka inakera. Tangu Alhamisi hali chakula vizuri.

Asubuhi Mama alinipa kijitabu cha mashine. "Soma, wewe ndiye mwenye Kiingereza."

Hapa niseme ukweli, maana hakuna mwingine nitakayemwambia. Nyumbani nanyamaza kwa aibu, wao wanadhani nanyamaza kwa elimu. Na mimi nimewaacha wadhani hivyo.

Kijitabu kilisema tutumie "ground coffee". Ground naijua. Ni ardhi, ni uwanja, ni chini. Nikasema, "Ni kahawa ya chini, Mama. Inakaa chini."

Mama akamimina vijiko vya kahawa chini kabisa, ndani ya chupa zote mbili.

"Na hiki kikombe cha matundu kilichokuja na mashine?"

"Hicho ni cha kuchuja maji." Nilisema kwa sauti ya mwalimu.

Wageni walipoketi, Kabula akapiga magoti, akaamkia. Mama akanyanyua chupa. "Hii kahawa ya mashine kaitengeneza Kabula, peke yake." Uongo. Kabula alikuwa nyuma anapepeta mchele.

Shangazi akanywa. Akaingiza kidole mdomoni akatoa machicha ya kahawa, akayatazama.

"Mama Kabula, sisi tunajua kahawa ya kutafuna iko Bukoba. Kumbe imefika na huku?"

Wazee wakacheka. Akamgeukia dada yangu. "Mwali, hii umeipika au umeichimba?"

Nilimdharau yule mwanamke, na khanga yake mpya, na meno yake meusi kwa machicha. Nilimdharau Mama na vitambaa vyake.

Kabula akasema, "Nisamehe, shangazi. Nimekosea."

Mimi nilikuwa nimeshika sinia.

Nikakusanya vikombe.

Shangazi aliposimama alisema tu, "Tutakwenda kuzungumza kwanza nyumbani." Kabula anajua maana yake, kila mtu anajua. Wamekwenda kulala kwa ndugu yao hapa hapa, kesho baada ya misa wanapanda basi. Mama anasema mzungu kampa kitu kibovu makusudi.

Jioni hii nimefungua daftari la Kiingereza, na neno lenyewe liko pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Grind, ground, ground. Juzi tu tuliliimba darasa zima. Saga, saga, saga. Kahawa iliyosagwa. Ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa kwenye pakiti ya Mama, na ilitakiwa kukaa kwenye kile cha matundu.

Niliyekuwa nawadharau wote nimekuta nafasi imebaki ya mmoja, nayo ni yangu.

Kabula yuko uani anasafisha chupa. Ametia mchele mbichi na maji, anatikisa machicha yatoke. Namsikia. Haniulizi kitu, na afadhali angeniuliza.

Kesho misa ikiisha nitampigia magoti yule shangazi mbele ya watu, mimi ambaye hata shikamoo yangu haisikiki, nimwambie kahawa ile ni kazi yangu na Kabula hakuigusa.

Maneno ninayo, safari hii kwa lugha ninayoijua. Sauti je, itatoka?