Zipu ya Mfuko wa Beleshi

Silverton, Februari

Kaka Garrick,

Huku hatujambo. Mbwa wako amezeeka, ila bado anaiba soksi.

Umeniomba nilisifie begi ulilolibuni ili bosi wako afurahi. Sisifii ng'o! Mgongoni linakaa vizuri, na ubao wa kutelezea ukiufunga hauchezi. Lakini beleshi la kumfukulia mtu aliyefunikwa na theluji umelifungia kwa zipu, na zipu hiyo ikilowa inaganda kama imechomelewa. Nilipokwambia kwenye simu ukacheka: "Acha kudeka, Maren! Ivute tu!"

Haya. Barua hii umeikuta humohumo kwenye mfuko wa beleshi, ukaitoa kwa vidole vitupu, hapo ofisini penye joto. Sasa irudishe. Lowesha zipu, lilaze begi nje kwenye baridi, kisha vaa glavu uifungue.

Umeuona mshono ule ubavuni? Nimeushona mimi. Jumamosi theluji ilipoporomoka, mwenzangu Bodie ndiye aliyelibeba begi. Alivuta zipu yako mpaka akachoka, akalichana kwa kisu.

Mama hajui, na usimwambie.

Bodie alikuwa ananifukua mimi.

Dada yako ambaye bado yuko huku mlimani,
Maren