Mama Mkwe Ametaja Majina

Kibondo, Jumapili, 1973

Yule mkalimani bado ananiudhi! Mwanasheria mgeni anayekusanya ushahidi wa wakimbizi alimwuliza mama mkwe ni nani waliomuua baba mkwe kule Burundi mwaka jana. Mama akaeleza kwa Kirundi, akiwataja wauaji mmoja mmoja. Mkalimani akafupisha tu: "Mumewe aliuawa na askari."

Nikasimama. "Hapana, ametaja majina!" Nikayatafsiri yote mwenyewe.

Je, watashtakiwa? Nina wasiwasi, maana hao hao bado wanatawala kule Burundi, na nani atawakamata...

Lakini tumerudi tukicheka. Mama, ambaye tangu tuvuke mpaka hakutamka neno juu ya siku ile, alimwiga mkalimani njia nzima. Jioni amekula ugali wa muhogo kwa hamu.

"Wamenisikia, mwanangu," akasema. "Hebu niongezee maharage."