Chipu Kumi Zisizochuja

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimekata makokwa kumi na manane ya mkoma, ule mti wa miyaa. Kila kokwa linatoa vipande vitano, msumeno ukikubali. Katikati kuna tundu, kwa hiyo kila kipande ni pete nyeupe, ngumu kama mfupa. Kisha msasa hadi vidole viwake moto.

Hizi ndizo chipu za poka. Baba na wenzake walikuwa wakiweka dau kwa punje za mahindi. Jumamosi iliyopita kuku walikula dau lote la Mjomba Jilo. Walicheka hadi wakalia. Kisha Baba akasema mbele ya watu wote kwamba binti yake yuko kidato cha tatu na anasoma kila kitu, basi yeye ndiye atawatengenezea chipu na kupanga sheria za dau. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Sikusema ndiyo. Sikusema la.

Ukweli ni kwamba ninaipenda kazi hii. Nimesoma sura nzima ya bahati nasibu kwenye kitabu cha hesabu, na mengine kwenye simu ya Baba.

Jumatano, 6 Agosti

Chipu mia mbili na ishirini. Nyeupe mia moja, shilingi tano kila moja. Zambarau themanini, shilingi ishirini. Nyekundu arobaini, shilingi mia. Kila mchezaji ataanza na elfu moja: nyeupe ishirini, zambarau kumi na tano, nyekundu sita. Zinazobaki zinakaa kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Nitautunza mimi.

Rangi ni ile Mama anayochemshia miyaa ya mikeka. Nilichukua pakiti mbili akiwa shambani, nikachemsha haraka kabla hajarudi. Vidole vyangu ni vyekundu, sabuni haisaidii.

Sheria nimeandika karatasi mbili. Ya kwanza ina kikomo: huongezi zaidi ya kumi mwanzoni, ishirini mwishoni, na mara tatu tu. Ya pili haina kikomo: mtu anaweza kusukuma chipu zake zote mara moja. Ya kwanza ni bora kwa watu ambao hawana pesa ya kuchezea. Nilikuwa nimepanga kumweleza Baba hivyo. Akasoma zote mbili akiwa amesimama, akasema ya pili ndiyo mchezo wa wanaume.

Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, nikaimeza.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui niandike vipi.

Walianza baada ya chakula cha mchana, bandani uani. Wachezaji wanne. Baba. Mjomba Jilo, kaka yake Mama. Kazungu, anayeziba pancha Garsen na ana maneno kuliko redio. Na Amu Barisa, mfugaji wa Kiorma, rafiki wa Baba tangu kabla sijazaliwa. Amu Barisa hucheza na fimbo yake juu ya mapaja, hazungumzi sana.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Kumbe chipu zangu zinachuja! Jasho kidogo tu na kila mtu ana vidole vyekundu. Kazungu akainua mikono juu. "Polisi wakija leo hatuna la kujitetea, jamani. Tazameni, wote tumechinja." Amu Barisa akasema kwa Kiswahili chake, "Huyu mtoto nasoma sana, lakini rangi bado najifunza." Wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Kisha Baba akasema, "Zote." Akasukuma lundo lake lote katikati. Amu Barisa akakubali, akafunua malkia watatu. Baba alikuwa na jozi mbili.

Akanunua tena. Akasema zote tena. Akanunua tena. Kwa saa moja zikaenda elfu tatu.

Hizo zilikuwa pesa za mkanda wa pampu ya kumwagilia migomba. Naijua bahasha alimozitoa. Mama aliuza mikeka sita kuijaza. Mimi ndiye niliyepokea noti na kutoa chipu. Mikono hii. Karatasi ile ya pili niliiandika mimi.

Jumapili, 10 Agosti

Mama ameiona bahasha tupu. Hakupaza sauti. Alikwenda kanisani, akarudi, akabadilisha nguo, akachukua ndoo. Migomba yote ya ukingoni aliimwagilia kwa ndoo. Nilimsaidia.

Ningependa angepiga kelele.

Jumamosi, 16 Agosti

Lazima niandike kwa mpangilio.

Baba aliuza mbuzi ili acheze leo. Alipoteza nusu ya chipu zake. Mama akaleta chai na mahamri, watu wakanyoosha miguu. Baada ya chai Baba alionekana ana chipu nyingi kuliko nilivyokumbuka. Nikadhani nimekosea. Halafu akasema "Zote", na lundo lote likaenda kwa Amu Barisa.

Tukamaliza. Kila mtu akaleta chipu nimrudishie pesa. Niliwalipa Kazungu na Mjomba Jilo. Za Amu Barisa zikawa nyingi kuliko pesa niliyobaki nayo. Elfu moja pungufu. Nikahesabu mara tatu. Chipu nyekundu nilitengeneza arobaini. Mbele yangu zilikuwa hamsini.

Kazungu akasema, "Chipu hazizai." Hakuna aliyecheka.

Mjomba Jilo akauliza nani ana lundo. Wote wakamtazama Amu Barisa. Kazungu akasema koti kama lile lina mifuko ya kuingia hata ndama. Na kweli, mkoma umeota kila mahali, kokwa ni la kuokota tu. Nilichagua chipu ambazo mtu yeyote mwenye msumeno anaweza kutengeneza. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Nilimngoja Baba aseme kitu. Miaka yote hiyo ya urafiki. Baba aliangalia mkeka.

Amu Barisa akageuza mifuko ya koti nje, mmoja baada ya mwingine. Kulikuwa na tasbihi na kiberiti. Akaacha chipu, akaacha hata elfu moja yake ya kuanzia, akaondoka. Fimbo yake ameisahau. Iko hapa ukutani. Sijawahi kumwona bila fimbo hiyo.

Jumapili, 17 Agosti

Nilidhani ya jana ndiyo mabaya kabisa.

Leo Mjomba Jilo amemwambia Baba wafunge malka. Malka ni ile njia ya ng'ombe inayopita kati ya mashamba kwenda kunywa mtoni. Yetu inapita kando ya migomba. Baba na Amu Barisa walikubaliana wao wenyewe, bila karatasi, na ng'ombe wake hawajawahi kugusa hata jani letu. Kiangazi hiki malka nyingine iko mbali, nusu siku kwa ndama. "Mwizi hanywi kwangu," alisema Mjomba. Si kwake hata. Ni kwetu.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita akasema malka zikianza kufungwa hatuwezi kujua mambo yataishia wapi. Baba akasema watafunga Jumamosi.

Kwa sababu ya vipande vya kokwa.

Jumanne, 19 Agosti

Nimegundua. Sitaki kuwa nimegundua.

Nilitaka kuzifuta chipu, niziweke mbali. Kitambaa kilikuwa kibichi. Nyekundu ya kwanza ikakipaka. Ya pili pia. Ya saba haikupaka. Nikaisugua. Kitambaa kikabaki kilivyokuwa.

Nikazipima zote hamsini. Arobaini zinachuja. Kumi hazichuji. Na matundu ya zile kumi yamelainishwa vizuri kuliko zangu.

Mama hutia chumvi na ndimu rangi inapochemka, ndiyo maana mikeka yake hufuliwa miaka na haipauki. Amenionyesha tangu nikiwa mdogo. Siku ile nilikuwa na haraka, nikafuata kitabu, na kitabu hakikutaja chumvi.

Halafu nikakumbuka chai. Baba alikuwa ameinuka kuzungumza kwa simu. Mama alichutama mahali pake akimimina, mgongo wake kwangu. Alikawia.

Mama yangu. Ambaye hunirudisha dukani nikipewa chenji iliyozidi shilingi tano.

Nimezifunga zile kumi kitambaani, mbali na nyingine.

Jumatano, 20 Agosti

Niliweka zile kumi mbele ya Mama alipokuwa anasuka.

Mama hakukana. Alisuka mpaka mwisho wa ukili, ndipo akasema alitaka Baba ashinde mara moja tu, anunue mkanda, aachane na karata. Hakujua Baba angezisukuma zote. Hakujua zingeishia kwa Barisa.

Nilimuuliza atasema lini. Akasema nimpe muda. Akauliza kama kuna mwingine anayejua. Macho yake yalikuwa ya mtu nisiyemjua.

Ninamwonea huruma na nimemkasirikia, vyote pamoja, na vyote kwa nguvu.

Ijumaa, 22 Agosti

Miiba ya kuzibia malka imekatwa. Mafungu mawili makubwa yako kando ya njia. Mama ameyapita mara nne akienda mtoni na kurudi. Hajasema.

Nimeandika ninachotaka kusema kesho. Mistari sita. Nimeikata hadi mmoja.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimefanya.

Asubuhi walikuwa uani na mapanga, wanakunywa chai kabla ya kwenda malka. Nilileta mabeseni mawili ya maji safi, nikayaweka katikati yao. Kazungu akauliza kama leo tunaosha miguu ya mitume. Nikamwaga arobaini katika beseni la kwanza na kumi katika la pili. Nikakoroga kwa mkono. La kwanza likawa jekundu. La pili likabaki maji.

Nikasema, "Hizi kumi si zangu. Zangu zinachuja."

Kazungu akasema, "Basi Barisa ni fundi wa rangi kukushinda." Alicheka peke yake.

Baba aliliangalia beseni la pili kwa muda mrefu. Kisha akaangalia kamba ya nguo, ambako mkeka mwekundu wa harusi yao ulikuwa unakauka. Umefuliwa miaka kumi na tisa. Nilimwona anaelewa. Sitasahau uso ule.

Mama aliweka birika chini. "Ni mimi. Niliziweka kwako, si kwake."

Mjomba Jilo akasema "Dada!" kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kazungu akavaa viatu vyake, akaondoka bila utani wowote.

Nilidhani Baba atampiga, au atanipiga mimi. Alikaa chini kwenye vumbi. Akasema, "Nilimwacha ageuze mifuko." Akarudia. Kisha akainuka, akachukua fimbo ukutani na pesa zote za Amu Barisa, akaenda kwa miguu kwenye maboma yao, bila kumaliza chai.

Jumapili, 24 Agosti

Baba alirudi jana alasiri bila fimbo. Alisema Amu Barisa alimsikiliza hadi mwisho, akampa maziwa, akasema hivi: "Ng'ombe napita kesho. Karata, hapana." Basi.

Leo wamepita. Nilikuwa kwenye migomba na Mama. Miiba tuliivuta mbali na njia sisi wenyewe, mikono imechanika. Amu Barisa alikuwa mbele. Mama akamsalimu kwanza. Aliitikia, hakusimama. Mimi aliniinulia fimbo kidogo.

Pampu bado kimya. Kesho narudi shuleni. Vidole bado vina wekundu kwenye kucha.

Jioni Mama alichemsha rangi ya mikeka mipya, akaniita jikoni. Akanisogezea chumvi. Nikatia kijiko kimoja, nikamtazama. Akatikisa kichwa: bado. Nikatia cha pili.