Mama Mdogo na Redio Zake

Shosti, niko kwa mama mdogo, bado siamini!

Mjomba kaja kuzibeba zile redio kuukuu anazozifufua mama mdogo. Eti chumba apangishe watu. "Vyuma chakavu hivi!" Chakavu! Mbele yetu sote!

Mama mdogo hata hakuinuka. Kawasha redio, akaanza kugonga nukta na mistari, ile lugha ya milio ya Morse, kwa kile kidude chake cha shaba. Ti-ti, taa-ti. Mara redio ikajibu! Shosti, ILIJIBU!

Mjomba macho yakamtoka pima. "Unaongea na nani?"

"Rafiki yangu wa ng'ambo. Kaniuliza mbona leo nimechelewa. Nimemwambia nina mgeni, ila anaondoka sasa hivi."

Na kweli kaondoka! Mlango kaubamiza, redio hakubeba hata moja. Mama mdogo anaendelea kugonga tu.