Soseji za Brites

Jumatatu, 4 Novemba 1658

Meli ya Santa Iria kutoka Porto imekamatwa! Kapteni Bolle kaivuta mpaka hapa Middelburg na watu walimpigia makofi bandarini. Uholanzi iko vitani na Ureno, na mali ya Mreno ni halali ya Bolle, sawa – lakini sukari iliyomo ni yangu, na mimi ni mkazi wa hapa! Masanduku yana alama yangu. Bolle anasema alama hata mwanawe anaweza kuipaka. Nimeitwa mahakamani kutoa ushahidi. Mke wangu Ribca ananilazimisha nile.

Jumatano, 6 Novemba

Mungu wangu.

Walifungua masanduku mbele ya hakimu. Nilikuwepo mimi, Bolle, na nahodha wa Santa Iria, Gaspar Leitão, mtu wa Porto, mfungwa kwa sasa. Sanduku la kwanza – sukari. La pili – sukari, na juu yake kifurushi cha kitambaa. Soseji! Dada yangu Brites, anayenipakilia mizigo kule Porto, nimemkataza mara ngapi!

Bolle akachukua moja, akaing'ata. Akatafuna, akasita. "Soseji gani hii? Nguruwe yuko wapi?" Akaipasua kwa kisu. "Kuku, mkate na vitunguu saumu! Wareno wamechacha siku hizi!" Watu wakaangua kicheko.

Gaspar hakucheka. Alinitazama mimi.

Sisi ni Wayahudi, nguruwe hatuli, na kule Porto Myahudi haruhusiwi kuishi. Brites anaishi kama Mkatoliki, na soseji zake anazitundika juu ya moshi ili majirani wadhani ni nguruwe. Ndivyo mama alivyotufundisha. Gaspar akifika kwao akatamka neno moja tu, kanisa litamchoma Brites moto. Dada yangu! Naogopa hata kuliandika.

Alhamisi, 7 Novemba

Sikulala. Brites alikuwa aje kwetu baridi ikiisha. Ni mjane, hana mtoto. Chumba chake kiko tayari, Ribca keshashona mapazia. Na nahodha ataachiwa wiki ijayo – wanabadilishana wafungwa.

Jumapili, 10 Novemba

Jana Sabato, sikuandika. Lakini Ijumaa Gaspar alikuja! Wanamruhusu kutembea mjini. Alikuja jua likizama, Ribca anawasha taa za Sabato, na macho ya Gaspar yakatua kwenye taa.

"Bwana Pardo, dada yako yule mcha Mungu kweli. Hakosi Misa."

"Ndiyo," nikasema.

"Na mapishi yake!"

Akavuta kiti. Ana masanduku yake mwenyewe chini kabisa melini, hayana alama. Ni mali ya Mreno, Bolle atayachukua. Anataka niape kwamba nayo ni yangu. "Sema maji ya bahari yamekula rangi. Basi! Mimi sina maneno mengi, bwana, mtu akinitendea wema."

Kuapa uongo, mkono juu ya Torati! Baba angefufuka kaburini. Nilimwuliza Ribca nifanye nini. Alisema Mungu atanisamehe au hatanisamehe, hilo yeye halijui. Lakini Brites akichomwa, yeye hatanisamehe kabisa.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeapa.

Nilifunika kichwa, wakaleta Torati. Kuhusu masanduku yenye alama nilisema kweli, sauti ikatoka vizuri. Kisha hakimu: "Na haya yasiyo na alama?" Nikasema maji yamekula rangi. Hata masikio yangu hayakuijua sauti ile. Bolle akaruka: "Mwongo huyu! Hebu mwangalieni mikono!" Nikaificha ndani ya joho.

Hakimu kanipa yote. Gaspar kainamisha kichwa kwa adabu kutoka upande wa pili. Nimekula mkate na jibini. Nadhani yamekwisha.

Jumatano, 13 Novemba

Hayajaisha! Gaspar kaja kuaga, meli yake inaondoka leo maji yakipwa. Kakaa mezani bila kukaribishwa, akamwita Ribca "shemeji". Nikafikiri ni utani wa mtu aliyefunguliwa.

Akaniambia: "Mke wangu kafa mwaka juzi. Brites mjane. Nyumba ile inataka mwanamume. Wewe ndiye kaka mkubwa – mwandikie kwamba umeridhia."

Nikamwambia Brites anakuja kukaa nasi.

"Haji popote, shemeji. Atakaa Porto anikaangie soseji zake. Na sukari yangu itakuwa inakuja kwako, ina alama yako. Umeshaapa mara moja, ya pili itakushinda?" Akacheka, akanipiga bega. Ribca akadondosha kijiko.

Nimepanda huku juu, eti natafuta wino. Yeye yuko chini anakula samaki wetu. Nikikataa, atasema. Nikiridhia, Brites hatatoka Porto maisha yake yote, na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Kumwonya siwezi. Hakuna chombo kingine kiendacho Porto mpaka baridi iishe, na barua yoyote itapita mikononi mwake, ataisoma. Nimeandika "Dada yangu mpendwa". Mkono umegoma hapo.

Namsikia anasukuma kiti. Anaita kutoka chini ya ngazi, kwa furaha, kama mtu wa nyumbani:

"Shemeji! Fanya haraka, maji yanakupwa!"