Jiko la Mikayi Kwanza

Jumatatu, 4 Machi 1996

Nimekamua ng'ombe, nimepepeta mtama, nimesikiliza kikohozi cha Mikayi. Kinaanza akiwasha moto, kinaisha chai ikiiva. Nyumba zetu zinatazamana, hakuna kinachonipita.

Ni mke mwenzangu, mke mkubwa. Waluo humwita mikayi, nami sijawahi kumwita jina lingine. Mzee wetu alipofariki alituacha wawili katika boma hili la Ndhiwa. Mwezi jana daktari wa Homa Bay alimwambia, moshi huo ukiendelea hutaiona Krismasi. Yeye alicheka. Mimi naogopa.

Jumatano, 6 Machi

Nimemweleza habari za majiko ya udongo ambayo kina mama wa kikundi wanajengea watu. Kuni chache, moshi kidogo. Amekataa. "Bila moshi mchwa watakula paa, Nyar Kuria." Binti wa Wakuria. Ndivyo alivyoniita siku nilipoletwa hapa kutoka Ntimaru. Kichwa chake kigumu kuliko jiwe la kusagia.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejenga langu. Aone kwa macho, atake mwenyewe.

Mama Achieng wa kikundi alileta kitu cha udongo uliochomwa, kama chungu kisicho na kitako. Tuling'oa mafiga yangu matatu, tukakisimika, tukakizungushia mawe na tope la kichuguu. Mlango wa kuni ni mmoja, mdogo. Lazima likae likauke; ukiliwasha bichi litapasuka. Nimelilainisha kwa viganja kama napaka mtoto mafuta. Limependeza. Najisifu, nani ananisikia.

Jumapili, 10 Machi

Mikayi hakunisalimia.

Jumanne, 12 Machi

Bado. Nilimpelekea chai. Kikombe kimerudi kimejaa.

Alhamisi, 14 Machi

Leo amesema. "Nilikataa jiko. Sikukwambia unipite."

Najua mbegu haziingii shambani kwangu kabla ya kwake. Kuvuna, vivyo hivyo. Miaka yote nimengoja zamu yangu bila kinyongo. Sikufikiri kwamba jiko nalo limo. Nimeomba radhi. Akasema sawa, kwa ile sauti yake ambayo maana yake si sawa.

Nina aibu. Nina hasira pia. Yeye ndiye aliyekataa.

Jumanne, 26 Machi

Jiko limekauka. Mama Achieng aliligonga kwa kidole, akaridhika.

Sitaliwasha. Nimemwambia Mikayi halitaona moto kabla ya lake. Akasema, "Basi utazeeka ukilitazama." Mafiga yangu nimeyapanga nje, chini ya ukingo wa ghala. Napikia hapo. Mvua za masika zimeanza, bila shaka.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua ilizima moto wangu mara mbili. Ugali mbichi. Nimelia, kwa hasira.

Kisha nikakisikia kikohozi kutoka kwake. Kirefu. Halafu kimya. Niliacha mwiko kwenye matope nikakimbia. Nilimkuta chini karibu na moto, ameshika kifua, midomo imebadilika rangi. Nikamkokota mpaka mlangoni, nikamsugua mgongo. Nilidhani nampoteza.

Pumzi iliporudi alitazama nguo zangu zilivyolowa.

"Una jiko kavu ndani, na unanyeshewa."

"Ndiyo."

"Kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

Nikaendelea kusugua. "Mwite huyo Mama Achieng," alisema. "Lakini tope nitakanda mwenyewe."

Jumatatu, 8 Aprili

Jiko lake linakauka polepole, na mvua hii. Simruhusu kuwasha moto ndani. Tunapika pamoja kule ghalani, sufuria moja, mwavuli mmoja. Yeye anashika mwavuli na kukaa upande usio na moshi, mimi nasonga. Ananicheka. Anasema Wakuria wanasonga ugali kana kwamba wanapigana nao.

Nampenda huyu mwanamke. Nimempenda muda mrefu bila kujiambia.

Jumanne, 23 Aprili

Amewasha. Dagaa wa omena na ugali. Moshi mwembamba tu, na bado alilalamika kwamba paa lake litaliwa.

Nikamwona anavuka ua na kaa la moto juu ya kigae, kiganja kikikinga upepo. Hakutaka nimpokee. Akaliingiza mwenyewe katika jiko langu, akaweka vijiti juu yake. Tuliinama wote wawili kutazama mpaka moto ukashika.

"Haya," akasema. "Zamu yako."

Alhamisi, 2 Mei

Nimeamka. Kimya. Nikangoja kikohozi. Hakikuja. Nikangoja tena.

Nikatoka bila viatu, nikasukuma mlango wake bila kubisha. Alikuwa ameketi, anakunywa chai.

"Umepotea, Nyar Kuria?"

Nikasema nimekuja kuomba chumvi. Akanipa.