Buto ya Turbo na Robine ya Gare

Mujukuu wangu Kabedi,

Mi ni muzima, na bibi yako angali anachekelea tumbo yangu. Unauliza kama utupe ile programu ya zamani, juu inakataa ordinateri yako mupya. Usitupe! Unaandikia fundi mukubwa wa Kolwezi yote, hata kama masomo iliniacha njiani.

Wakati batu ya Kasai balikuwa banafukuzwa hapa Kolwezi, rafiki yangu wa kazi, Mwamba, alikuwa anangoja treni kwa gare pamoja na batoto yake. Robine ya maji ya pale ilikauka. Kwetu kwa kazi, programu moja ya zamani ndiyo ilikuwa inaendesha pompe za maji ya gare, lakini ordinateri mupya iliikimbiza mbio mpaka inakwama. Nikamupelekea Mwamba bukari ya kula na batoto, nikamuuliza nifanye nini.

Akacheka. "We mukubwa wa kelele, uliacha buto ya turbo, ile kifungo ya kuongeza mbio, inawaka! Izime, ordinateri itapunguza mbio."

"Banakufukuza, na unabasaidia?"

"Tata, batoto yangu pia banasikia kiu."

Nikaizima na hiki kidole yangu. Programu ikatembea muzuri! Basi na wewe, jaribu kwanza kupunguza mbio.

Treni ilipofika, batoto ya Mwamba balipanda na bidoni zimejaa maji.

Nkambo yako, mwenye kidole